Mke wa Mtu Aliyesafiri

Mtaa mzima wa Rasbura, pale Lindi, ulijua kwamba Maftaha katoroka. Aliyekuwa hataki kulisikia neno hilo ni mtu mmoja tu, mama yake mzazi, Bi Hamida. Na mkosi wa Zuwena, mke wa Maftaha, ni kwamba huyo mtu mmoja ndiye aliyekuwa anaishi naye nyumba moja.

Maftaha aliondoka siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, kavaa sare yake ya ulinzi na buti kazipiga rangi. Alikuwa analinda ghala la korosho, zamu ya mchana. Akanywa uji, akalalamika tangawizi imezidi, akatoka. Hebu fikiria, mtu anakuacha moja kwa moja halafu anaanza kusumbuka na tangawizi. Zuwena akamjibu kwamba kesho atapunguza. Hiyo kesho ikawa mwaka, ukaja wa pili, ukaingia wa tatu.

Siku za mwanzo Zuwena alimtafuta hospitali, akamtafuta polisi. Polisi wakamuuliza, mligombana? Akasema hapana. Wakamuuliza, nguo zake zipo? Akarudi nyumbani kufungua kabati. Ndani mlikuwa na kanzu moja tu, ile aliyofungia ndoa, ambayo tumbo lilikuwa limekwisha kuikataa. Nyingine zote hazipo. Kumbe bwana alikuwa anazihamisha kidogo kidogo kwenye mkoba wa chakula, leo shati, kesho suruali, na Zuwena mwenyewe ndiye aliyekuwa anazifua na kuzipiga pasi ili zihamishwe safi.

Akaenda chumbani kwa mama mkwe wake, akakaa chini kwenye mkeka.

"Mama, Maftaha katoroka."

Bi Hamida akamwangalia kama mtu aliyetukaniwa wazazi.

"Mwanangu hatoroki. Mwanangu kasafiri."

"Kasafiri wapi?"

"Mwanamume haulizwi wapi."

Inabidi ujue watu wa pwani hii wanavyosafiri, ndiyo utaelewa kwa nini bibi yule alikasirika. Huku mtu haondoki kimyakimya. Hata anayekwenda Mchinga kuzika na kurudi alasiri, anapita kwa mama yake kwanza, anapiga goti, anaomba radhi. Mama anamsomea dua, anampulizia utosini, ndiyo anatafuta gari. Usipofanya hivyo, tairi likipata pancha tu, abiria wenzio wataanza kuulizana nani humu kaondoka bila radhi. Kwa hiyo ukisema mtoto wa fulani katoroka, hujamsema mtoto peke yake. Umesema mama yake hakuagwa, na kijana anatembea duniani bila radhi kama mbuzi aliyekata kamba. Bi Hamida alikuwa radhi afe na njaa kuliko hilo lisemwe mbele yake.

Basi ikawa kasafiri. Majirani wakija kusalimia, Zuwena akiulizwa habari za mumewe mbele ya bibi, anajibu, kasafiri. Wakitoka nje wanacheka mpaka wanashika ukuta.

Wiki ya pili ikaja barua. Ililetwa na bodaboda kutoka kwenye kampuni ya ulinzi, imeandikwa Kiingereza kitupu, ingawa mwenye kampuni ni mtu wa Tandahimba na wafanyakazi wake wote Kiingereza wanakiona kwenye katoni za sabuni. Zuwena akaipeleka kwa Mwalimu Erasmo, aliyekuwa amepanga chumba nyumba ya pili na anafundisha sekondari. Mwalimu akaisoma amesimama.

"Wanasema Maftaha hajaonekana kazini siku tatu," akasema. "Na wanasema, 'absconded'."

"Ndiyo nini hiyo?"

Mwalimu alikuwa hajaulizwa swali zuri kama hilo darasani tangu aajiriwe, akavuta kiti.

"Hilo ni neno la kuondoka, lakini si kuondoka hivi hivi. Lazima viwepo vitu viwili. Cha kwanza, uondoke kwa siri. Cha pili, uwe umeacha nyuma kitu kinachokuhitaji, jukumu, kitu usichotaka kukikabili. Mfungwa akiruka ukuta, ndiyo hilo. Mshitakiwa kapewa dhamana, siku ya kesi hayupo, ndiyo hilo. Mlinzi kaacha lindo, hilo hilo. Lakini wewe ukienda Mtwara kutembea, hata kama hukuniambia, hilo neno halikuhusu. Huna cha kukimbia."

"Na mume akimwacha mke wake?"

Mwalimu akajikuna kidevu.

"Kwenye mitihani hawajawahi kuuliza hilo."

Zuwena akaikunja barua, akarudi nayo nyumbani. Kampuni iliyokaa na Maftaha miezi minane ilihitaji siku tatu tu kusema kilichotokea, tena kwa neno la heshima la Kizungu. Yeye aliyekaa naye miaka kumi na moja alikuwa haruhusiwi kulisema hata la Kiswahili.

Watoto hawakubahatika kupata. Kwa hiyo nyumba ilibaki na wanawake wawili, na mmoja wao mguu ulishaanza kuliwa na sukari. Bi Hamida alikatwa kidole kimoja, kikafuata cha pili, baada ya hapo hakuweza kujiogesha mwenyewe. Zuwena alikuwa anaamka, anamwogesha, anamfunga kidonda, anampikia, ndipo anakwenda kazini kwenye mashamba ya chumvi. Kazi yenyewe ni kuvuta chumvi kwa reki kutoka kwenye majaruba, yale madimbwi ya kukaushia maji ya bahari, kuijaza kwenye ndoo na kuibeba mpaka kwenye lundo. Jua linapiga juu, chumvi inalirudisha usoni kutoka chini, na kisigino kikipasuka kidogo tu, utaijua chumvi vizuri.

Huko chumvini alikuwa na shoga yake, Restuta, Mmwera wa bara, Mkatoliki, mwanamke asiyeweza kukaa na neno mdomoni likapoa.

"Shoga, huyu mumeo alipanda treni gani?" Restuta aliuliza siku moja, na Lindi hakuna hata reli. "Miaka miwili haijafika stesheni?"

"Niache, Restuta."

"Kwetu sisi ndoa haivunjwi, padri hataki. Lakini mwanamume akitoroka tunasema katoroka. Tunabaki na ndoa yetu na ukweli wetu. Nyie hata ukweli mmeufunga kabatini."

"Kabati lenyewe tupu," Zuwena akasema, na wote wawili wakacheka, mmoja zaidi ya mwingine.

Mwaka wa tatu akajitokeza Tawakali. Huyu alikuwa mkulima wa ufuta kule Milola, aliyefiwa na mke, na alikuwa anakuja na pikapu ya kukodi kuchukua chumvi ya kwenda kuuza vijijini. Alikuja mara nne bila kusema kitu zaidi ya habari za kazi. Mara ya tano akasimama mbele ya Zuwena, kofia mkononi.

"Mimi maneno mengi siyawezi," akasema. "Ufuta ukishapita mnadani nataka kuoa. Nikuoe wewe, au nitafute mwingine?"

Restuta akaacha reki yake, akaja kusikiliza vizuri.

"Mimi mke wa mtu," Zuwena akasema.

"Mtu gani?"

"Kasafiri."

"Sasa kama kasafiri, nimsubiri na mimi?" Tawakali akauliza. Alikuwa hatanii. "Mwisho wa mwezi wa saba nitakuwa nimemaliza mambo ya shamba. Ukiwa umefunguliwa, niambie. Ukiwa hujafunguliwa, usinifiche, mimi si kijana."

Hapo ndipo Zuwena alipoanza kuhesabu siku kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya tangawizi. Hakuwa anampenda Tawakali kwa mapenzi ya kwenye simu. Alikuwa anataka kuulizwa swali na mtu anayesubiri jibu. Na alikuwa amebakiwa na wiki saba.

Akaenda kwa Sheikh Abdulwahab, aliyekuwa anashughulikia mambo ya ndoa na talaka. Sheikh akamsikiliza mpaka mwisho.

"Binti, mimi ndoa siivunji kwa kusikia," akasema. "Kuna mume aliyepotea na kuna mume aliyetoroka. Aliyepotea anasubiriwa, huenda kapatwa na jambo, si kosa lake. Aliyetoroka, akaacha mke bila matumizi wala habari, njia yake ni fupi. Huyu wako ni yupi?"

Zuwena akatoa ile barua. Ilikuwa imeshaanza kukatika kwenye mikunjo. Akamweleza na maneno ya Mwalimu Erasmo, siri na jukumu. Sheikh akatikisa kichwa.

"Maelezo mazuri. Lakini kampuni haikufunga naye ndoa. Nipe mtu wa kwao aseme kwamba kijana wao aliondoka bila kuaga. Mlete mama yake."

Kumleta Bi Hamida kulichukua wiki tatu. Mara mguu, mara presha, mara leo ana swaumu ya sunna. Mwisho Sheikh mwenyewe akatuma salamu, na kukataa salamu ya Sheikh ni aibu. Zuwena akamwogesha, akamvisha baibui, akamfukiza udi, akampandisha kwenye bajaji kama anampeleka harusini.

Sheikh alikuwa ameshaandaa maelezo. Akayasoma kwa sauti, taratibu, ili bibi asikie kila neno. Kwamba Maftaha alitoka nyumbani siku ya Alhamisi. Kwamba hakumuaga mtu yeyote, si mke wake, si jirani, wala mama yake mzazi. Kwamba hajulikani alipo. Kisha akasogeza kidau cha wino.

"Weka dole gumba hapa, Bi Hamida."

Bibi akachovya kidole. Kikafika juu ya karatasi, kikasimama.

"Hilo la mama yake mzazi lifute."

"Nilifute kwa nini? Si la kweli?"

"Wewe lifute tu."

"Bi Hamida, hapa hatupunguzi maneno kama kwenye shairi. Mwanao alikuaga au hakukuaga?"

Zuwena alikuwa anaangalia kile kidole chenye wino. Wino ulikuwa karibu kudondoka, na yeye, kwa mazoea tu, akataka kumshika mkono asichafue baibui.

"Mwanangu hakuzaliwa jalalani," Bi Hamida akasema. "Ukiandika hivyo umemlaani. Alikuja. Adhana ya alfajiri haijaisha, akapiga goti mlangoni kwangu, akaomba radhi, nikampa zote. Nikamsomea, nikampulizia. Nani kasema hakuniaga? Mwanangu kasafiri kwa radhi zangu."

Alisema yale kwa kujivuna kabisa, kidevu juu. Ilichukua muda kidogo kidevu kushuka.

 Zuwena alikuwa anaiona asubuhi ile. Alikuwa jikoni, anakoroga uji, na chumba cha bibi kiko upande wa pili wa ukuta. Alisikia mtu anakohoa, akajua ni mumewe kaenda kumwamkia mama yake, akafurahi kwamba kaolewa na mtu mwenye adabu.

"Akakuambia anakwenda wapi?" Sheikh akauliza.

"Songo Songo, kisiwani."

"Yuko huko mpaka leo?"

"Yuko. Kaoa. Ana watoto wawili."

"Na kwa mke wake huyu, akaacha maneno gani?"

 Bi Hamida akaingiza mkono ndani ya baibui, akahangaika kiunoni, akatoa kipochi cheusi cha kitambaa, kimeshonwa pande tatu. Zuwena alikuwa anakijua kipochi kile kuliko mtu yeyote duniani. Kila asubuhi alikuwa anakifungua kiunoni mwa bibi, anakiweka juu ya stuli kisilowe, anamwogesha, anakifunga tena mahali pake. Siku zote alidhani ni hirizi ya kinga.

Ndani mlikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya nailoni karatasi ya daftari. Sheikh akaisoma kimya kwanza, kisha kwa sauti, lakini safari hii sauti ilikuwa ndogo. Maftaha anamwacha mkewe Zuwena talaka moja, kwa hiari yake, na hana nia ya kurejea. Tarehe ni ya Jumatano, siku moja kabla ya ule uji. Chini kuna mashahidi wawili, kinyozi wa kona na muadhini.

Kinyozi wa kona. Huyu kila asubuhi Zuwena akipita na reki yake begani, alikuwa anamwita kutoka kibarazani, "Vipi shemeji, jamaa hajarudi tu?"

"Aliniambia nimpe mkewe, yeye akishafika huko," Bi Hamida akasema, haangalii mtu. "Alikuwa anaogopa kumtazama usoni. Nikasema nitampa kesho."

Sheikh akavua miwani, akahesabu kwa vidole, miezi mitatu ya eda.

"Binti, hakuna ndoa ya kuvunja hapa. Wewe si mke wa mtu. Eda yako iliisha siku nyingi, mwaka ule ule alioondoka."

"Kwa hiyo huyu nimemwogesha miaka mitatu kwa sheria ipi?" Zuwena akauliza.

Sheikh akasema ule ulikuwa mtihani. Masheikh wakikosa jibu, jambo linakuwa mtihani. Lakini alikuwa mtu wa haki, akamwandikia cheti chake pale pale, akapiga muhuri, akampa. Zuwena akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kitu alichokuwa anakitafuta wiki zote zile kilikuwa kinafungwa na kufunguliwa na vidole vyake mwenyewe kila siku. Na lile neno la kampuni, lenye vitu viwili, sasa likamwingia vizuri. Maftaha alimuaga mama, akamuaga kinyozi, akamuaga muadhini. Siri nzima ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Kwa hao watatu alisafiri, kwake peke yake alitoroka.

Walirudi na bajaji moja, wangerudi vipi wakati nyumba ni moja? Dereva aliposikia wanaanza kuzungumza akapunguza redio, asikose kitu.

"Ungeniacha," Bi Hamida akasema.

"Ningekuacha."

"Basi unaona."

"Ningekuacha, lakini ningekuaga, mama. Ningekutafutia mtu wa kukaa na wewe, nikamwonyesha dawa zako, halafu ningekuaga."

"Nani angekuja kukaa na kikongwe ana kidonda?"

"Ndiyo ukaniweka mimi."

"Sikukuweka. Mlango ulikuwa wazi. Sikukuambia tu."

Zuwena akageuka kumtazama. Alikuwa na maneno mengi, yalikuwa yamekaa foleni miaka mitatu. Lakini aliona wino umefika kwenye shavu la bibi, pale alipojifuta, akachukua pembe ya kanga yake akaufuta. Alijichukia kwa hilo mpaka wanafika Rasbura.

Alimpigia simu Tawakali, akamwambia amefunguliwa. Tawakali akauliza, lini? Akamjibu, miaka mitatu iliyopita. Tawakali akasema atakuja Jumamosi na pikapu.

Kabla ya hapo Zuwena alimtafuta Mwanaidi, mtoto wa dada yake Bi Hamida, kutoka Mchinga. Alimlipia nauli mwenyewe. Mwanaidi akaja Alhamisi, na kwa siku mbili Zuwena akamwelekeza, kidonda kinaoshwa hivi, vidonge hivi kabla ya chakula, hivi baada, bibi hapendi maji ya moto sana mgongoni. Mwanaidi alikuwa anatikisa kichwa na kuangalia simu.

Siku hizo mbili Bi Hamida hakuzungumza na Zuwena. Alikula alichopikiwa, akaogeshwa, akageukia ukutani.

Jumamosi saa nne asubuhi pikapu ikasimama barabarani. Zuwena alikuwa na begi moja na ndoo ya vyombo. Akaenda kwenye mlango wa bibi. Ulikuwa umefungwa kwa ndani, mlango ambao tangu ajenge marehemu baba mkwe haujawahi kufungwa mchana.

"Hodi, mama."

Akasogeza mdomo karibu na ubao.

"Mama, naondoka. Nimekuja kuaga. Naomba radhi zako."

Ndani alisikia punje za tasbihi zinagongana, moja, nyingine, nyingine. Hajalala, basi. Akapiga hodi mara ya pili na ya tatu. Akapiga goti pale pale nje, kwenye sakafu, mbele ya ubao mtupu, visigino vyake vilivyopasuka nyuma yake, akangoja. Tasbihi ikaendelea. Tawakali barabarani akapiga honi, kidogo tu, kwa adabu.

Zuwena akainuka, akajikung'uta magoti, akaenda kupanda gari.

Adhuhuri haijafika, Restuta alipita pale nyumbani kurudisha reki aliyoazima. Akamkuta Bi Hamida ametolewa barazani, kavaa vizuri, wanawake watano wa mtaani wamemzunguka na kinyozi wa kona amesimama pembeni. Restuta akasikiliza, akatoka, na alipofika barabarani akapiga simu. Zuwena alikuwa ameshafika Milola, anateremsha ndoo yake.

"Shoga, huku umeshakuwa habari," Restuta akasema.

"Wanasemaje?"

"Bibi anawaambia watu umetoroka. Anasema hukumuaga hata yeye. Analia kabisa."

Zuwena akakaa juu ya ndoo.

"Na Maftaha je?"

"Maftaha bado kasafiri."